Ng'ombe Sita wa Salongo

Harufu ya mavi ya ng'ombe yaliyokauka, yakiungua polepole kwenye majivu, ndiyo inayonirudisha utotoni, na najua si jambo la kujivunia mbele ya watu. Wenzangu hukumbuka maandazi ya mama zao au sabuni ya shule ya bweni. Mimi nikipita karibu na kambi ya wafugaji na moshi ule mzito ukanigusa pua, mara moja nina miaka kumi, nimekaa juu ya mgongo wa maksai wa bati katikati ya mji wa Juba, nimeshika pembe kwa mikono miwili, na ekseli inaanza kulia chini yangu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa polepole mno, unaona kila uso uliosimama nje. Wa pili unaona nyuso nusu. Kufikia wa tano hakuna uso tena, kuna upepo tu, moshi, na sauti ya mtu mmoja anayeimba huku anakimbia.

Tulikuwa tumerudi kutoka Nakuru, mama na mimi, muda mfupi baada ya mkataba wa amani, tukiwa na magodoro mawili, pasi ya makaa, na imani kubwa kwamba tunarudi nyumbani. Nasema tunarudi, lakini mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga huko. Nilizaliwa Kenya, na baba yangu alikufa vitani kabla mama hajajua kama tumboni mna wa kike au wa kiume. Hatukuwa na picha yake hata moja. Tulipanga chumba Juba Na Bari, karibu na mto, mama akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mabati ambayo saa saba mchana ilikuwa tanuri, na mimi nikaachwa kupambana na watoto wa mtaa. Wao walizungumza Kiarabu cha Juba. Mimi nilikuwa na Kiswahili changu cha Nakuru, Kiingereza cha shule, na Kidinka cha salamu na matusi mawili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema Waswahili, ila wenyeji wa Juba Na Bari hawakuwa wagonjwa na hawakuona tumewaletea dawa gani. Keji, msichana wa nyumba ya pili, wa rika langu na mwenye ulimi wa kukata kamba, aliniita bitt Kenya, msichana wa Kenya, na kwa namna alivyolitamka ningeona nafuu kuitwa mbuzi.

Kilichoniokoa ni uwanja wa Salongo. Salongo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Uganda. Jina lake la kuzaliwa sikulijua kamwe. Kwao mwanamume aliyejaliwa pacha huitwa Salongo, na yeye alijaliwa pacha mara mbili, basi nani angethubutu kumwita vingine? Alikuja kutengeneza mageti na madirisha, maana mji mzima ulikuwa unajengwa, lakini akaona watoto wanabembea kwenye mageti yake kabla rangi haijakauka, akaona heri awatengenezee chombo chao. Alizungushia mianzi kiwanja kimoja, akaweka bembea nne, mtelezo wa bati uliotuunguza makalio kila adhuhuri, na katikati akasimamisha ekseli ya lori bovu ili iwe bembea ya kuzunguka. Alikusudia kuweka farasi. Akamwajiri mtu wa kuisukuma, mwanamume mrefu aitwaye Dut, aliyefika Juba kwa miguu akiswaga ng'ombe wa wachinjaji. Wake mwenyewe walikuwa wameporwa wote, na aliona haya kurudi kwao bila hata ndama. Dut alitazama mchoro wa farasi, akauliza ni nani katika nchi hii amewahi kukamua farasi. Akasema yeye husukuma ng'ombe tu. Salongo alikisimulia kisa hicho kila wiki na kila wiki alicheka mpaka machozi: "Mimi natafuta mtu ya kusukuma, yeye nakuja na masharti kama bibi harusi!"

Wakatengeneza ng'ombe. Viwiliwili vilikuwa mapipa ya mafuta, miguu mabomba, lakini pembe zilikuwa pembe za kweli, ndefu na zilizopinda, alizochagua Dut mwenyewe machinjioni. Rangi pia aliwapaka yeye. Kwa Wadinka kila rangi ya ng'ombe ina jina lake, na majina hayo hayo ndiyo watu hupewa, kwa hiyo uwanjani tulikuwa na Mabior mweupe, Malual mwekundu, Macar mweusi, Malou wa kijivu, Majok wa mabaka, na wa sita Makuei, mweusi tii mwenye kichwa cheupe kama furukombe, yule tai wa mtoni. Paa lilikuwa la nyasi, la mviringo na lenye ncha, na kila asubuhi Dut aliwasha mavi makavu pembeni, kwa sababu, alisema, ng'ombe asiyepata moshi hana raha. Alipotuuliza majina yetu nikamwambia naitwa Yar, akafurahi kupita kiasi. Yar ni rangi ya ng'ombe jike mweupe. Miaka kumi nilikuwa nikiitikia jina hilo na sikujua.

Sasa, hukupanda tu. Hapo ndipo ilipokuwa tofauti ya uwanja ule na vingine vyote nilivyoona baadaye. Kijana wa Kidinka huwa na maksai wake mmoja mpendwa, humfunga shada kwenye pembe na kumtungia wimbo, na wimbo huo ndani yake mna yeye mwenyewe, ukoo wake, safari zake na majigambo yake. Dut hakuona kwa nini ng'ombe wa bati wakose haki hiyo. Mtoto akija humuuliza, "Tor ta abu taki yatu?" yaani dume la baba yako ni yupi, na mtoto hutaja rangi, hupandishwa juu yake, na Dut huanza kusukuma boriti huku akiimba habari za baba wa mtoto yule. Watoto wa Kibari, wa Kimundari, hata pacha wa Salongo ambao baba yao alifuga kuku tu, wote waliimbiwa. Siku yangu ya kwanza aliniuliza na mimi. Keji akajibu kwa niaba yangu kwamba baba wa bitt Kenya alifuga paka. Watoto walicheka. Dut hakucheka. Aliniambia, kwa Kiswahili alichojifunza kwa Salongo, "Wewe nenda uliza mama. Ng'ombe iko nangoja."

Mama alikuwa akipiga pasi blauzi ya kazini. Katika nyumba yetu baba hakuzungumzwa. Si kwamba ilikatazwa, bali kila nilipojaribu mama alipata jambo la kufanya jikoni. Nilipouliza baba alikuwa na dume gani aliiweka pasi wima, akasema, "Makuei." Kisha akaimba. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akiimba nje ya kanisa. Ilikuwa mistari mitatu, na aliponieleza maana yake nilimlazimisha arudie mpaka blauzi ikapoa na mikunjo yake: Makuei wangu amejifunga kitambaa cheupe kichwani, hakungoja mtumbwi, aliuingia mto, nami nilishika mkia wake huku nacheka. Mingine, alisema, aliisahau. Nilikimbia na mistari ile mitatu mpaka uwanjani, nikiirudia kwa sauti ili isinidondoke njiani.

Dut aliipokea kwa heshima, kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga. Akaniinua juu ya Makuei, akauegemea mti wa boriti, akaanza. Mistari ikamwishia kabla ya mzunguko wa pili, naye akasimama akaniambia wimbo huu una njaa, niulishe. Tangu hapo nikawa tarishi. Jioni nilimuuliza mama jambo moja tu kuhusu baba, kwa ajili ya wimbo, na mama, ambaye asingenijibu mimi, alimjibu Dut. Alisema baba alikuwa wa mkono wa kushoto. Alisema aliogopa nyuki na hakuogopa chui. Alisema alipokuja kumposa alisahau kabisa aliyofundishwa na wajomba zake, akabaki anausifia mlango wa nyumba. Kesho yake nilimpelekea Dut jambo hilo, naye akalifanyia kazi, na keshokutwa lilikuwa ndani ya wimbo likizunguka pamoja nami. Msimu mzima wa kiangazi ulikwenda hivyo. Siku nyingine mama alipitia pale akitoka ofisini, akasimama nje ya mianzi na mkoba wake, akasikiliza. Hakuingia. Akiniona nimemwona, aliondoka haraka. Kidinka changu kilikuwa kibovu, maneno mengi yalinipita, lakini nilijua kwamba mtu anayeimbwa ni baba yangu na kila siku anaongezeka. Sikujisumbua kuushika wimbo wote. Kwa nini niushike? Dut alikuwa nao.

Mvua za kwanza ziliponyesha paa lilivuja, na Salongo, aliyekuwa amepata mshirika mwenye mtaji, akatangaza kwamba uwanja utatengenezwa upya. Alituita sisi tuliotoka Kenya. "Nyinyi nakaa kule, nyinyi naona mingi," alisema, penseli ya useremala mkononi. "Hii kitu kwa Nairobi iko namna gani?" Keji alikuwa amesimama pale pale. Na mimi, ambaye Nairobi niliipita usingizini ndani ya basi, ambaye bembea ya kuzunguka ya kweli niliwahi kuiona mara moja tu, juu ya ua, kwenye maonyesho ya kilimo ambayo hatukuwa na kiingilio chake, nilifungua kinywa. Debe tupu haliachi kuvuma. Nikasema kule kuna farasi wenye manyoya ya dhahabu. Nikasema kuna taa za rangi zote na muziki unaosikika mtaa wa tatu. Nikasema mapipa na nyasi kule ni vitu vya kijijini, watu wangecheka. Salongo aliandika yote. Kadiri uso wa Keji ulivyozidi kunywea ndivyo nilivyozidi kupamba. Dut alikuwa amechuchumaa akitia grisi kwenye ekseli. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na nani nasukuma?"

"Hakuna anayesukuma, Anko," nilimjibu kwa maringo. "Ni stima."

Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka siku ile kwa namna nyingine. Nimejiambia kwamba mshirika wa Salongo angeleta farasi hata bila mimi, na huenda ni kweli. Lakini masikio yangu yanalisikia neno lile la Kenya la umeme, stima, na furaha niliyokuwa nayo nikilitamka. Mdomo huponza kichwa. Wangu ulikiacha kichwa salama ukaponza vitu nilivyovipenda.

Uwanja ulifungwa kwa mabati mvua zote. Ulifunguliwa kuelekea Krismasi, na niseme haki, ulikuwa mzuri. Paa lilikuwa la bati jekundu. Farasi kumi na wawili wa plastiki, weupe wote, wenye manyoya ya dhahabu kama nilivyoagiza, na meno nje. Taa zilikuwapo. Muziki ulikuwapo. Nyuma kulikuwa na jenereta iliyonguruma mpaka meno yakatikisika. Watoto walipanga foleni hadi barabarani, na Salongo, amevaa suti, alinishika mkono akanionyesha kwa watu: "Hii mtoto ndiyo nanipa plani!" Keji alinitazama kwa wivu uliokuwa umeiva kabisa. Nilikuwa nimeshinda. Niliingia nikapanda farasi, na hakuna aliyeniuliza nampanda yupi wala kwa nini, kwa sababu wote walikuwa mmoja. Palinuka rangi na dizeli. Tulizunguka mara kadhaa, kwa kasi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, mashine ikakata, mtu akatuambia tushuke.

Dut walikuwa wamemweka mlangoni, ndani ya ovaroli ya bluu iliyomfika juu ya vifundo vya miguu, kazi yake kuchana tiketi. Nilimwendea nikamwomba aniimbie Makuei. Nilimwomba kama mtu anayeomba maji, sikufikiri. Alitazama jenereta, akanitazama mimi, akaniambia nirudi nikapande. Nikapanda. Farasi alipoanza kwenda nilimwona Dut ameacha mlango, amesimama kando ya uzio, mkono mmoja juu namna Wadinka wanavyouinua kuiga pembe, na kinywa chake kinafunguka na kufungika. Aliimba mizunguko yote. Nilikuwa nikimpita, nampita tena, na sikusikia hata neno moja. Mishipa ya shingo ilimsimama. Watoto walimwonyesha kidole wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama pembeni wasijue kwamba anaimba kwa ajili yangu.

Wiki iliyofuata mlangoni kulikuwa na mtu mwingine. Salongo alinieleza kwa huzuni, maana alimpenda Dut kwa dhati. "Nimemwambia bakia, mshahara iko. Yeye nasema kusimama kwa mlango ni kazi ya mtu haina ng'ombe." Mapipa yalikuwa yamekatwa kutengenezea majiko. Pembe Dut aliziomba, akazitia kwenye gunia, akaondoka nazo. Jioni ile nilimuuliza mama swali la kawaida, baba alipenda kula nini, na mama akaanza kujibu, kisha akauliza, "Ni kwa ajili ya wimbo?" Ningeweza kudanganya. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nikasema ukweli, kwamba Dut ameondoka, hakuna wimbo tena. Mama akatikisa kichwa, akaenda jikoni. Baba hakuzungumzwa tena nyumbani mwetu. Sikumwambia mama kamwe kwamba mimi ndiye niliyeagiza farasi, na sasa siwezi, kwa kuwa amelala makaburini mwaka wa nne.

Ni kifo chake kilichonituma kumtafuta Dut. Nilitaka wimbo. Nilimwulizia kwa wachinjaji na kwa madereva wa malori, mpaka nikampata Sherikat, ng'ambo ya daraja, amekaa na wenzake wakingoja ng'ombe washushwe. Alikuwa amezeeka, lakini alikuwa na kundi lake, kumi na mmoja, na alinionyesha mmoja mmoja kabla hajaniuliza habari zangu. Nikamwambia mimi ni Yar wa Makuei, nikalia, nikamwambia jambo lililonikaa kooni tangu utotoni: ni mimi niliyemwambia Salongo alete mashine. Akanishangaa. "Mimi iko pale," alisema. "Mimi nasikia. Wewe ilikuwa mtoto, nataka mtoto ingine ikuogope. Hiyo ni kitu gani?" Alikuwa amenisamehe siku ile ile, na mimi nilikuwa nimebeba mzigo wangu bure. Basi nikamwomba aniimbie. Akasimama, akajinyoosha, akainua mkono, akaanza. Mistari mitatu ya mama ilitoka mizima. Halafu akakwama. Akaanza tena, akafika pale pale. Alitembea hatua chache mbele na nyuma, kana kwamba angeukuta wimbo chini, watu wakimtazama. "Malesh, Yar," alisema mwishowe, na ile pole ya Kiarabu cha Juba sikuwahi kuisikia ikiwa nzito hivyo. "Watoto ilikuwa wengi, wababa wengi. Ile yako mimi nilifikiri wewe nashika. Wimbo ya baba, mtoto ndiyo nashika."

Juba ya leo ina viwanja vya watoto vingi kuliko nilivyoweza kuvisingizia Nairobi. Kuna makasri ya kupuliza hewa, kuna magari ya kugongana, kuna mahali penye vyombo ambavyo hata majina yake siyajui. Sichukii. Mwanangu wa miaka sita anavipenda, nami nampeleka kila Jumapili tukitoka kanisani, na ninamlipia safari ya pili na ya tatu nikiwa na pesa. Waswahili hutuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wangenionya mapema, ningeukunja ule mchakavu na kuuweka. Tukikaa kungoja zamu, mwanangu hupenda nimwambie habari za babu, na mimi humwimbia ile mistari mitatu, kwa sauti ya chini, kwa Kidinka ambacho sasa nakijua vizuri. Anaipenda sana, hasa pale penye mkia na kicheko. Kila mara huuliza, "Halafu babu akafanya nini?" Namwambia nimesahau. Nilikuwa nimepanda, mistari iliyobaki ilikuwa ikiimbwa, na sikusikiliza.